Mama Mkubwa wa Chiriku

Duka la miwani lilitazamana na ofisi ya ustawi wa jamii, barabara moja tu katikati, na mlinzi wa ofisi hiyo alikuwa mpiga debe wa duka bila kuombwa. Kila aliyefika getini akashindwa kusoma fomu aliyopewa, mlinzi alimnyooshea kidole upande wa pili: "Nenda kwa fundi pale akupime macho, halafu urudi na akili zako." Watu walimwita Meya, kwa jinsi alivyolitawala lile geti.

Jumanne moja, karibu na saa sita mchana, Meya alimvusha barabara mwanamke mrefu aliyeshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepauka na kukunjamana kwa maji.

"Karibu dada," fundi alisema. "Keti."

"Starehe. Mimi ni dobi hospitalini, nimeomba ruhusa ya saa mbili tu. Macho yamenikimbia, mwenzangu. Kwa mbali namwona hata nzi ukutani. Kwa karibu, herufi zinatembea kama siafu."

"Na hapo ofisini hakuna wa kukusomea?"

"Wapo. Mimi ndiye sitaki." Mwanamke aliketi. "Niliwahi kusomewa karatasi. Wakala alinisomea mkataba wa kazi za ndani ng'ambo, akasema miaka miwili. Nikatia sahihi. Kumbe ilikuwa minne. Tangu siku hiyo, karatasi nisiyoisoma kwa macho yangu siitii kalamu, hata anisomee malaika."

Fundi alicheka kwa sauti. Alimpenda yule mwanamke papo hapo, na baadaye hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Alimpima jicho la kulia, kisha la kushoto. Macho hayakulingana, kwa hiyo ile miwani iliyoning'inia tayari kwenye kaunta isingemfaa. Ilibidi lenzi zisagwe. Kazi ya dakika arobaini. Fundi alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita na mkono wake haukuwa na papara.

"Hebu nipe hiyo karatasi yenyewe," alisema, "nijue unaishika umbali gani."

Dobi alitoa vitu viwili kwenye bahasha: fomu ya kurasa mbili, na kipande cha gazeti kilichokatwa kwa mkasi. Fundi alikishushia macho kile kipande, akasoma kama alivyosoma karatasi za wateja wote, bila kusudi la kujua.

Mtoto wa kike, miaka sita. Alipokelewa makao ya watoto akiwa na miaka mitatu, baada ya mama yake kufia wodini na ndugu kutopatikana. Alama: kovu la moto lenye pembe tatu, kiwiko cha kushoto. Walezi wake wa muda wameomba mahakama iwaruhusu kumwasili. Ndugu yeyote mwenye pingamizi ajitokeze.

Alilijua kovu lile. Alikuwa akilipaka mafuta kila asubuhi kwa miaka miwili.

"Ni mtoto wako?" alijikuta akiuliza.

"Wa mdogo wangu. Basi ni wangu. Nilirudi nikakuta mdogo wangu yuko kaburini na mtoto hajulikani alipo. Mwezi wa nane huu nazunguka. Juzi mwenzangu kazini akawa anasoma gazeti, akafika kwenye hilo kovu. Ndoo niliyoibeba niliiachia hapo hapo." Alisogea mbele. "Mlinzi kasema niwe mwangalifu, humo kuna tarehe. Unaiona?"

Tarehe ilikuwa chini ya ukurasa wa pili, imepigwa mstari. Mwisho wa kupokea pingamizi: Ijumaa, saa tisa alasiri.

"Sioni tarehe," fundi alisema.

"Afadhali. Basi hiyo miwani nitaipata leo?"

"Lenzi ya jicho la kushoto imeniishia. Njoo Jumatatu."

Lenzi hiyo ilikuwa kwenye droo, chini ya mkono wake. Dobi aliandika namba yake ya simu kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka, akarudisha karatasi zake kwenye bahasha, akasimama.

"Mungu akubariki, dada," alisema, akatoka.

*

Fundi na mumewe walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na mbili kabla Chiriku hajaingia nyumbani mwao. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika, na baada ya ile ya tatu waliacha kuzungumzia watoto, kama watu wanavyoacha kumtaja ndugu aliyefungwa jela. Ndipo fundi alipoanza kuwatazama kupitia kioo cha duka wale watoto walioingia na kutoka kwenye ofisi ya mbele, wamevalishwa vizuri kupita kiasi, mkono ndani ya mkono wa afisa. Siku moja alivuka barabara akauliza. Walihojiwa mara tano, wakakaguliwa hadi chini ya sinki. Kisha wakaletewa mtoto wa miaka minne asiyesema.

Miezi mitatu mizima hakutoa neno. Alikula, alioga, alilala chini ya kitanda badala ya juu yake. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, alilala sakafuni kando ya kile kitanda, akimsimulia jinsi kamba za lifti zinavyosukwa, hadi usingizi ulipowachukua wote wawili. Asubuhi moja mtoto alitokeza kichwa akauliza, "Na kamba zikikatika zote?" Toka siku hiyo mdomo haukufungwa tena. Ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Jumatano ya wiki iliyofuata ile dobi aliyofika dukani ndiyo iliyokuwa siku ya mahakama.

Jumanne hiyo jioni Chiriku alikuwa amekaa juu ya meza ya jikoni akimhoji baba yake kama samaki wanakunywa maji. Fundi alikata kitunguu, akakikata tena, mpaka mumewe akamshika mkono.

"Mama Chiriku, hicho kimeshakufa."

"Nimechoka tu."

"Ni hofu ya mahakama," mume alisema. "Hata mimi ninayo. Wiki moja, basi yamekwisha."

Hakumwambia. Jumatano alivunja lenzi mbili, jambo ambalo hata mwanafunzi hafanyi. Kila mlango uliposukumwa aligeuka. Alijiambia kwamba yule mama hajui mtoto anapenda nini. Kwamba mtoto si mzigo wa kuhamishwa kutoka kabati hadi kabati. Kwamba miaka mitatu bila ndugu ni mingi. Alikuwa na hoja nyingi, zote nzuri, na hakuna hata moja iliyomshibisha.

Alhamisi alasiri afisa ustawi alikuja kwa ziara ya mwisho. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali kubwa huku akitafuta kalamu mkobani.

"Nimerudi leo tu kutoka safari ya kikazi," alisema. "Ripoti yangu ni nzuri. Kuna lolote jipya ambalo mnataka nilijue?"

Mume alitikisa kichwa. Fundi alisema, "Hakuna."

"Na wewe, Chiriku? Unajua kwamba Jumatano tutakwenda kwa hakimu?"

"Najua. Nitavaa viatu vyenye kamba," Chiriku alijibu. "Lakini mama ni mgonjwa. Anatetemeka akinipaka mafuta."

Afisa aliinua macho. Kalamu ilikuwa imepatikana, lakini hakuandika.

"Ni baridi ya asubuhi," fundi alisema.

Afisa alipoondoka, mume alimpeleka Chiriku kwa jirani kucheza. Aliporudi alifunga mlango akasimama mgongo wake ukiwa mlangoni.

"Baridi ipi?"

Ndipo akamweleza. Alimweleza akiwa amekaa, macho sakafuni: kovu, tarehe, droo. Mume alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na Ijumaa ni kesho."

"Kesho."

Walitazamana. Kwa muda mfupi, na hakuna kati yao aliyeweza kuukana muda huo baadaye, wote wawili waliliona jambo lilivyo jepesi. Si lazima ufanye chochote. Unakaa tu, saa tisa inafika, inapita.

Mume ndiye aliyeinamisha uso kwanza. Alikaa kwenye kiti, akapangusa viganja vyake vyenye grisi kwenye suruali.

"Mtu akikwama ndani ya lifti," alisema polepole, "kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kutomdanganya. Ukimwambia dakika tano na wewe unajua ni saa nzima, zikipita zile tano hatakuamini tena. Ataulazimisha mlango mwenyewe. Nimewahi kumtoa mmoja chini ya shimo." Alimgeukia mkewe. "Huyu mtoto atakuwa mtu mzima. Atauliza."

"Wakimchukua je?"

"Sijui."

"Nitakufa."

"Hutakufa. Utalia, na mimi nitalia. Lakini tukimpata hivi, kila akituita mama na baba tutakuwa tunasikia kitu kingine."

*

Ijumaa fundi alifungua duka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alitoa lenzi kwenye droo na kuisaga. Mara hii haikuvunjika. Saa mbili alipiga ile namba. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga saa tatu, saa nne, saa tano. Alivuka barabara kumuuliza Meya kama yule mama amerudi.

"Yule mrefu? Hajarudi. Nilidhani umempofusha," Meya alisema, na alishangaa fundi alipokosa kucheka.

Dobi alikuwa amemwambia tu kwamba anafanya kazi hospitalini. Mji ulikuwa na hospitali tatu. Ya kwanza nguo zao zilifuliwa na kampuni ya nje. Ya pili kulikuwa na madobi wanaume peke yao. Ya tatu aliifikia saa saba na nusu, akashuka ngazi za nyuma akifuata harufu ya dawa ya kung'arisha nguo na joto lililomkaba koo kabla hajafika mlangoni.

Chumba kilikuwa na mashine nne kubwa zilizozunguka kwa kishindo. Dobi alikuwa mbele ya rundo la mashuka. Alipomwona alifurahi.

"Dada! Umenifuata mpaka huku? Simu yangu nimeifunga kabatini, haturuhusiwi kuwa nayo humu. Si ulisema Jumatatu?"

"Vaa," fundi alisema, akampa miwani. "Soma fomu yako."

Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Alivaa, akakunja uso, kisha uso ukakunjuka. Alisoma ukurasa wa kwanza akichezesha midomo. Akageuza. Fundi aliyaona macho yake yakishuka mstari kwa mstari mpaka chini, yakasimama.

"Leo ni Ijumaa," dobi alisema.

"Ndiyo."

"Uliniambia hakuna tarehe."

"Nilikudanganya. Na lenzi nilikuwa nayo." Ilibidi aseme kwa nguvu kwa sababu ya mashine. "Mimi ndiye mlezi wake. Lile kovu nalipaka mafuta kila siku."

Dobi hakusogea. Msichana mmoja aliyekuwa akipita na toroli alisimama, akaona sura zao, akaendelea na safari yake.

"Yu hai," dobi alisema.

"Yu hai. Ana afya. Anaongea mpaka tunaziba masikio."

Mwanamke alivua miwani, akajipangusa uso kwa ukingo wa shuka. Alipoirudisha, macho nyuma ya lenzi yalikuwa makubwa na makavu.

"Unajua mimi nilikwambia nini siku ile? Nilikwambia nilivyosomewa uongo. Nilikwambia kwa mdomo wangu. Na wewe ukanisomea uongo palepale, saa ileile."

Dobi alikunja fomu, akairudisha kwenye bahasha.

"Saa ngapi sasa?"

"Nane kasoro dakika tano."

Dobi alimkimbilia msimamizi, mwanamume mnene aliyekaa kwenye kiti kando ya mlango. Fundi alimwona msimamizi akinyoosha kidole kwenye rundo. Hakuna kuondoka mpaka mashuka ya wodi ya upasuaji yakunjwe; walikuwa wakiyasubiri juu, na Jumanne alishapewa ruhusa. Dobi alirudi akiwa amekaza taya. Alichukua ncha mbili za shuka la kwanza, na fundi akachukua mbili nyingine.

Walikunja. Walivuta, wakatikisa, wakakaribiana, ncha zikakutana, wakaachana tena. Mara ishirini, mara thelathini, uso kwa uso na bila kutazamana machoni. Fundi alikuwa akikosea upande, na dobi alimrekebisha kwa kuvuta tu. Jasho liliwatiririka. Katikati ya rundo dobi alisema, kama anayezungumza na shuka, "Pasi iliyomchoma ilikuwa yangu. Niliiacha sakafuni, naye ndiyo kwanza anatambaa. Mdogo wangu hakunilaumu hata siku moja."

Walimaliza saa nane na dakika ishirini na tano. Waliruka kwenye teksi, na teksi ikakwama nyuma ya lori lililokuwa likishusha matofali. Walishuka wakakimbia, dobi mbele na aproni yake, fundi nyuma akiwa amevua viatu. Meya aliwaona wakija akafungua geti zima, lile la magari, ambalo alikuwa halifungui hata kwa wakubwa.

Karani wa mapokezi alikuwa akikusanya mihuri yake.

"Njooni Jumatatu."

"Saa tisa haijafika," fundi alisema. "Saa yako ile pale ukutani inasema nane na arobaini na nane."

"Mama, fomu hii ina kurasa mbili, na huyu hajaandika hata jina."

"Ataandika. Na wewe utasubiri."

Dobi alikaa, akaiweka fomu kwenye paja, akaandika. Aliandika kila neno peke yake, herufi kwa herufi, akisoma kila swali mara mbili. Hakuuliza chochote kwa mtu yeyote. Karani alipiga kalamu mezani, akatazama saa, akatazama mlango. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pekupeku. Saa nane na dakika hamsini na saba muhuri uligonga.

Walitoka nje. Dobi aliivua miwani, akaikunja, akaitia kwenye bahasha.

"Tutaonana mbele ya hakimu," alisema, akaondoka bila kumpa mkono.

*

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo, kina meza moja ndefu na feni iliyolia kila ilipofika kushoto. Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua, kitambaa mkononi. Chiriku alibaki kwenye korido na mtumishi wa makao, na sauti yake ilipenya mlangoni akimweleza mtu kuhusu viatu vyenye kamba.

Afisa alisoma ripoti yake. Dobi alieleza habari zake kwa ufupi: ng'ambo, kaburi, pasi. Alionyesha picha ya mdogo wake akiwa amempakata mtoto mchanga. Hakimu aliitazama sana ile picha.

"Pingamizi lako lilifika dakika tatu kabla ya muda kwisha," alisema. "Je, unalo jambo lolote dhidi ya hawa walezi ambalo mahakama ilijue?"

Dobi alimgeukia fundi. Feni ilifika kushoto, ikalia. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Mume wa fundi alishika ukingo wa meza.

Fundi alisimama kabla ya neno la mwenzake kutoka.

"Lipo, mheshimiwa. Nitalisema mimi."

Akalisema lote. Hakulipamba, na hakutaja zile mimba tatu ingawa mumewe alimtazama kama anayemsihi azitaje. Afisa ustawi aliinamisha kichwa, kalamu ikimcheza vidoleni. Hakimu alipenga kamasi, akakunja kitambaa mara nne.

"Kwa nini unanieleza? Pengine huyu asingesema."

"Kwa sababu yeye anajua na mimi najua. Siku moja mtoto atajua. Nataka alikute limeandikwa, na liwe nimelisema mwenyewe."

"Unafahamu kwamba kwa hilo naweza kumwondoa mtoto kwako leo?"

"Nafahamu."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Fundi alihesabu mlio wa feni hadi akapotea hesabu. Mumewe alikuwa amemshika kidole kimoja tu, chini ya meza, kwa nguvu kiasi cha kuumiza.

"Ulichokifanya ni kibaya," hakimu alisema hatimaye, "na ungechelewa siku moja zaidi kingekuwa kibaya kuliko hivi. Kuasili sitakuruhusu leo. Mtoto abaki alipo kwa miezi sita, chini ya uangalizi. Mama yake mkubwa amwone kila Jumamosi. Afisa aniletee ripoti kila mwezi. Na wewe, mama," alimwambia dobi, "mwangalie mtoto, kisha uniambie unataka nini. Usiniambie leo."

*

Jumamosi ya kwanza dobi alikaa kwenye ncha ya kochi kama abiria anayeogopa kupitiliza kituo. Aliletewa chai, hakuigusa. Chiriku alimzunguka mara mbili.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama yako mkubwa."

"Mkubwa kuliko mama?"

Dobi alimtazama fundi kuanzia miguuni hadi kichwani. "Kwa urefu, ndiyo."

Chiriku alicheka, na dobi akatoa kile kicheko ambacho mtu hukitoa bila kukusudia, akakifunika kwa kiganja.

Chai aliigusa Jumamosi ya tano. Alimfundisha mtoto kukunja shuka, kusuka mkeka wa karatasi, na kumtaja mama yake mzazi kwa jina. Chiriku alilirudia jina hilo nyumba nzima, bafuni, kwenye ngazi, hadi fundi akazoea kulisikia, ingawa mwanzoni lilimchoma. Kulikuwa na Jumamosi mbaya pia. Mara moja mtoto alilia dobi alipoondoka, na usiku akamwambia fundi, "Wewe ulimficha mama mkubwa." Hakuna aliyejua alilisikia wapi. Fundi alimjibu, "Ndiyo, siku tatu. Niliogopa. Lilikuwa kosa." Chiriku alimgeuzia mgongo. Kwa siku mbili alinyamaza kama zamani, na katika siku hizo mbili fundi hakuonja chakula.

Mwezi wa sita wa uangalizi huo dobi alikuja siku isiyokuwa yake, akamkuta fundi dukani.

"Kesho naitwa kwa hakimu," alisema, akiwa wima. "Naishi chumba cha wanawake sita, vitanda vya juu na chini, na zamu inabadilika kila wiki. Nimelipigia hesabu jambo hili mpaka kichwa kimeuma. Nitakubali mumwasili."

Fundi alitaka kusema kitu.

"Subiri, sijamaliza. Jina la mama yake libaki kwenye majina yake. Likizo atakuja kwangu nitakapopata chumba. Na nikitaka kumpeleka kaburini nitampeleka mimi, peke yetu."

"Sawa. Yote sawa."

"Na sijakusamehe. Nakwambia ili usijidanganye. Namtazama anavyocheka kwako, natia sahihi kwa ajili ya hicho kicheko. Hayo mengine, labda yatakuja, labda hayatakuja."

"Nimekuelewa," fundi alisema.

Hakimu aliwapa amri. Hapakuwa na makofi. Mume wa fundi alitoka nje akakaa kwenye ngazi za mahakama, akalia kama mtoto, na Chiriku akamsimamia akimpangusa kwa mkono wa gauni lake, akimweleza kwamba kamba za lifti ni nane na haziwezi kukatika zote.

Jumamosi iliyofuata dobi alimchukua mtoto asubuhi kwenda kaburini. Walikubaliana wangerudi saa tisa. Saa tisa ilifika. Saa kumi ikafika, na simu ya dobi haikupatikana. Fundi alisimama dirishani. Mumewe alifungua redio, akaifunga. Amri ya mahakama ilikuwa mezani, ina muhuri, na haikumsaidia chochote. Fundi alimfikiria yule mwanamke akitafuta miezi minane, kisha akisubiri siku tatu nyingine.

"Labda wamekosa gari," mume alisema.

"Labda."

Saa kumi na moja na nusu walisikia hatua ngazini, nzito, za mtu anayepumzika kila baada ya ngazi chache. Fundi alifungua mlango kabla haujabishwa. Dobi alisimama pale akihema, na Chiriku mgongoni, amelala fofofo, viatu vyenye kamba vimejaa udongo mwekundu.

"Alitaka kuotesha maua kila upande," dobi alisema kwa sauti ya chini. "Akakataa kuondoka mpaka yamalizike. Simu ikaishiwa chaji. Nilijua mtakuwa roho juu."

Fundi alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Dobi hakumtoa. Miezi yote ile alikuwa hajawahi kuvuka sebule. Alitazama ndani, kwenye korido na milango yake mitatu.

"Atashtuka akibadilishwa mgongo," alisema. "Kitanda chake kiko wapi?"

Fundi alisogea kando, akatangulia kumfungulia mlango.